Video ya dakika kumi na moja, na jicho langu la kuume



Wiki mbili zimepita mmoja wetu alituma video kwenye kikundi chetu. Kijana wa ng'ambo anavunja mashine ya kuchoma DVD, anatoa kitu kidogo kama punje ya mtama, anakiunga na batri, na dakika chache baadaye anawasha kijiti cha kiberiti kwa mwanga tu. Chini yake mwenzetu akaandika: «Enjenia, hii si ngumu. Mlisoma sayansi, mnangoja nini?» Watu arobaini walipenda. Mimi sikujibu siku ile. Najibu leo, na nitajibu kama vile watu wanavyokosoa kitabu ao filamu, maana video ya namna ile ni maandishi sawa na mengine: iko na mwandishi, iko na mtindo, iko na vitu inavyosema na vitu inavyoruka.

Kabla ya yote niseme ukweli wangu. Mimi si mtu wa fizikia. Niko na lisansi ya agronomia, memwari yangu ilikuwa juu ya mmomonyoko wa udongo kwenye milima yetu ya Kivu. Lakini nilishatengeneza hiyo leza. Kwa hiyo siandiki kama mzee anayeogopa vitu vya vijana.

Nianze na yale mazuri. Video hizi zimefanya kazi ambayo walimu wetu wa shule ya sekondari hawakuifanya. Mimi nilisoma optiki bila kuona lenzi hata moja. Mwalimu alichora ubaoni, tukanakili, tukarudisha kwenye mtihani. Kijana aliyeona kwa macho yake mwali ukitoka kwenye diodi ukiwa umetawanyika, kisha ukapita kwenye lenzi ndogo ya plastiki na kuwa uzi mmoja mwembamba, huyo ameelewa lenzi kuliko mimi nilivyoielewa miaka sita. Na wengine wao wanajua kazi yao kabisa. Yule Mmarekani anayejiita styropyro, ambaye alijulikana kwa leza zake kubwa kubwa hata moja ya wati 200, si mjinga. Ukimsikiliza unasikia mtu aliyesoma, anayejua kwa nini kitu kinafanya vile kinavyofanya. Furaha yake si ya uongo. Mimi namuangalia mpaka leo.

Shida yangu iko na umbo la hadithi yenyewe. Karibu zote ziko na umbo moja. Mwanzo: onyo la sekunde tano, «usijaribu nyumbani», linalosemwa kwa sauti ile ile ya mtu anayekuambia «karibu chakula» wakati amekwisha kufunika sahani. Kisha kufungua mashine. Kisha muziki. Kisha mkasi wa mhariri unakata, na ghafla kila kitu kimeungwa. Kisha sherehe: puto zinapasuka mstari mzima, karatasi nyeusi inatoboka, plastiki inatoa moshi. Mwisho. Dakika kumi na moja.

Kila kitu chenye maana kinakaa paka mule ndani ya mkato.

Chukua jambo la kwanza, umeme wenyewe. Mtu anayeanza anafikiri diodi ya leza ni kama taa: unaipa volti zake, inawaka. Hapana. Diodi hii inataka mkondo uliopimwa, na ikipata moto, tabia yake inabadilika, inakubali mkondo mwingi zaidi kwa volti zile zile, inapata moto zaidi, na mambo yanaenda hivyo mpaka inakufa. Njo maana inahitaji kibao kinachoshikilia mkondo pahali pamoja, si batri peke yake. Tena, uso ule mdogo ambamo mwanga unatokea ni mwembamba kuliko unywele. Mkondo ukiruka hata kwa kitambo kisichohesabika, mwanga unakuwa mwingi kupita uwezo wa uso, uso unayeyuka, na diodi haitakuwa leza tena. Itawaka, ndiyo, lakini kama taa dhaifu nyekundu. Hata umeme ule wa kwenye nguo na vidole, ule unaokuchoma kidogo ukivua sweta wakati wa kiangazi, unatosha kuiua bila wewe kusikia kitu.

Mimi na mdogo wangu tuliua mbili. Ya kwanza kwa vidole, nafikiri. Hatukujua hata ni saa ngapi ilikufa. Ya pili tuliunga waya ikiwa kwenye batri tayari, cheche moja, kwisha. Mashine zenyewe tulikuwa tunazinunua sokoni kwa fundi wa kompyuta zilizokufa, papa mmoja mwenye subira ambaye mara ya tatu alituuliza: «Nyinyi vijana, hizi mnazipika?» Kwa bei ya zile mbili ningeweka mega za mwezi mzima. Katika video thelathini nilizoangalia kabla ya kuanza, sikuona diodi inakufa hata moja. Sasa nauliza kama mkosoaji: mwandishi wa riwaya ambaye watu wake wote wanaoa bila kugombana, tungemuita nani?

Lakini hasara ya franki si kitu. Kuna mkato mwingine.

Leza zimepangwa kwa madaraja, na mpango huo ni wa kimataifa. Daraja la 2 ni ile isiyopita miliwati 1 ya mwanga unaoonekana: mtu akiangaliwa nayo usoni, atafumba jicho ndani ya robo ya sekunde, na robo hiyo haitoshi kuumiza. Kule Marekani sheria inakataa kalamu ya leza ya kuonyeshea ubaoni kupita miliwati 5. Kuanzia hapo mpaka miliwati 500 ni daraja la 3B: mwali ukiingia moja kwa moja, ao ukirudishwa na kitu kinachong'aa, unaumiza. Kupita miliwati 500 ni daraja la 4, na hapo hata kuangalia kwa karibu doa lenyewe likiwa juu ya ukuta mweupe kunaweza kudhuru, mbali na kuchoma ngozi na kuwasha moto. Diodi ya mashine ya DVD inaweza kutoa miliwati mia na zaidi. Zile za buluu ambazo watu walianza kuzifungua kwenye projekta za Casio kuanzia 2010, projekta moja ikiwa na zaidi ya 20 ndani yake, kila moja inakaribia wati nzima.

Namba hizo peke yake hazisemi kitu. Taa ya chumba ni wati 10 na hatuogopi. Tofauti iko ndani ya jicho. Mwanga wa taa unatawanyika pande zote, na kidogo tu kinaingia kwenye mboni. Mwali wa leza unaingia mzima, kisha lenzi ya jicho, ambayo Mungu aliitengeneza vizuri mno, inaukusanya kwenye nukta ndogo sana ya retina. Nguvu kwa eneo inaongezeka kama mara 100,000 kutoka mlangoni mpaka kule nyuma. Na lile eneo tunalotumia kusomea, kutambua uso wa mtu, kupitisha uzi kwenye sindano, ni dogo kuliko kichwa cha kiberiti. Mtu anayeangalia leza anaiangalia na eneo lile lile.

Fanyeni hesabu hii nyumbani, haihitaji maabara. Kioo cha kawaida cha dirisha kinarudisha kama 4 kwa 100 ya mwanga unaokigonga usawa, kwa kila uso. Leza ya miliwati 200 ikigonga dirisha lenu, uso wa mbele peke yake unakurudishia miliwati 8. Kitu ambacho umekichukua kama dirisha tu kimekuwa leza inayopita ile inayokatazwa kuuzwa kule. Ule upanga wa kisu, kifuniko cha sufuria mpya, kioo cha saa, skrini ya simu: vyote viko kwenye meza ya video, vinang'aa vizuri kwenye kamera.

Na hata hiyo miliwati 200 mwenye kuanza haijui. Kipimo cha nguvu ya leza kinaweza kuwa na bei kuliko leza yenyewe mara nyingi. Si sisi tu. Taasisi ya vipimo ya Marekani, NIST, mwaka 2013 ilitoa matokeo ya kupima kalamu za leza 122 zilizonunuliwa kama bidhaa ya kawaida: karibu 90 kwa 100 ya zile za kijani na kama 44 kwa 100 ya zile nyekundu hazikufuata sheria ya usalama. Za kijani ziko na ubaya wa pekee, ju kijani chenyewe kinatengenezwa kutoka mwanga usioonekana: diodi ya nanomita 808 inasukuma fuwele inayotoa 1064, fuwele nyingine inaikata katikati mpaka 532, ambayo ndiyo kijani. Wasipoweka kichujio, ule mwanga usioonekana unatoka pamoja nao, na jicho halifumbi kwa kitu lisichokiona. Vitu hivyo vinauzwa pia kwenye meza zetu za sokoni, karibu na chaja na memori kadi, watoto wanavinunua kuchezea paka.

Sasa nisimulie siku yenyewe, kisha nitarudi kwenye ukosoaji.

Ilikuwa Jumamosi jioni, umeme ulikuwa umerudi. Diodi ya tatu. Tulikuwa tumejifunza: kibao cha kushikilia mkondo, waya kwanza, batri mwisho, mikono tumegusa chuma kabla. Mdogo wangu alikuwa anashika karatasi nyeusi. Ilitoboka. Alipiga kelele mpaka mama akauliza jikoni kuna nini: «Yaya, ona! Iko inatoboa! Iko inatoboa kabisa!» Nilifurahi sana, sitadanganya. Nilisogeza mkono nitafute kitu kingine cha kuchoma, mwali ukapita juu ya kisu tulichokuwa tunakwangulia waya. Kulikuwa na mwanga. Haukuuma hata kidogo. Niliona doa jekundu, kisha la kijani, kama ukiangalia jua, nikasema litapita.

Nilikuwa nimevaa miwani. Hiyo njo inaniuma mpaka leo. Nilikuwa nimevaa miwani ya leza ya kweli, ya rangi ya chungwa, tuliagiza kupitia mtu aliyetoka Kampala, ilikuwa imefungwa pamoja na kifaa fulani cha Uchina. Kwenye video wote wanavaa miwani ya rangi ya chungwa. Na mimi nikavaa. Hakuna aliyesema, ama kama alisema ni sekunde mbili chini ya muziki, kwamba miwani ya leza si kofia ya fundi, ambayo inalinda dhidi ya kila kitu kinachoanguka. Kila moja inazuia rangi zake. Ile ya chungwa inazuia buluu na kijani. Nyekundu inapita kama vile mtu anavyopita mlango ulio wazi. Na ukifikiri kidogo, hata mtoto angejua, kwani ukiivaa vitu vyekundu bado unaviona vyekundu. Leza yangu ilikuwa nyekundu. Nilinakili picha bila kunakili maana yake, jambo lile lile nililofanya na optiki ubaoni.

Daktari wa macho aliniona siku tisa baadaye. Alinitilia dawa ya kupanua mboni, akaangalia muda mrefu, akanipa karatasi yenye miraba midogo midogo na nukta katikati. Jicho la kushoto: miraba iko sawa. Jicho la kuume: pembeni kidogo ya nukta mistari inapinda, na kuna mraba mmoja haupo. Akasema: «Mwanangu, hii haina dawa. Shukuru haikuingia katikati.» Kisha akauliza nani alikuwa na mimi, ana miaka ngapi, na alikuwa amevaa nini. Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na tano na hakuwa amevaa kitu. Miwani ilikuwa moja. Nilipimisha macho yake siku iliyofuata. Mazima yote mawili.

Kazini naishi vizuri. Lakini nikiangalia jani la muhogo na lupe, nikitafuta inzi weupe ao mwanzo wa mozaiki, ninahamisha lupe kwenye jicho la kushoto. Wakulima wanafikiri njo namna injinia wanavyofundishwa.

Turudi. Mtu ataniambia: kosa ni lako, onyo lilikuwapo mwanzoni. Sawa, kosa ni langu. Lakini onyo ambalo halina kitu ndani si onyo, ni stempu. «Hatari, usijaribu» haikufundishi kitu. Na yule anayesema, muda huo huo anakuonyesha namna ya kujaribu, akijua utajaribu, maana bila wewe kutamani kujaribu hakuna wa kuangalia. Onyo la kweli lingechukua dakika tatu na lingekuwa sehemu tamu ya video: weka mwali hafifu kwenye kisu, onyesha unapoenda. Weka miwani ya chungwa mbele ya mwali mwekundu, onyesha unavyopita. Ningeona hivyo mara moja tu, nisingesahau. Ni jambo la kuonekana, linafaa kamera kuliko puto. Wanaliacha kwa sababu halipasuki.

Baada ya hapo, kama mtu aliyeanguka kwenye mtihani, nilirudi kusoma. Assistant mmoja wa fizikia alinipa kwenye flashi nakala za ukurasa wa zamani wa gazeti la Scientific American, ulioitwa The Amateur Scientist, ambao C. L. Stong aliuongoza kuanzia miaka ya 1950 mpaka ya 1970. Theodore Maiman aliwasha leza ya kwanza duniani kule California tarehe 16 Mei 1960. Mwaka 1964, miaka minne tu, ukurasa huo ulikuwa tayari unaeleza namna mtu wa kawaida anavyoweza kujitengenezea leza ya heliamu na neoni. Zikafuata nyingine, za agoni, za rangi za maji, za kaboni dioksidi, za naitrojeni. Nyingi zilikusanywa katika kitabu Light and Its Uses cha 1980. Kumbe wazo la leza ya nyumbani ni la kizamani kuliko wazazi wa wengine wetu.

Kusoma Stong kunachosha, na nasema hivyo kama sifa. Mirija ya kioo, pampu ya kuvuta hewa, vioo viwili vya kupangwa sambamba kwa usahihi wa kumtia mtu wazimu. Ukifika katikati, kama hukuwa na nia, umekwisha kuacha. Na kama una nia, umekwisha kuelewa kwa nini kila kipande kiko pale. Ugumu wenyewe ulikuwa unachuja watu. Leo diodi imeondoa ugumu wote huo: kitu ambacho zamani kilidai miezi na akili, sasa kinadai bisibisi. Nguvu imekuwa rahisi, elimu imebaki na bei yake ya zamani. Sioni kama Stong alikuwa mtakatifu, lakini. Leza zile za gesi zinataka volti maelfu, na umeme wa namna ile hauachi mraba mmoja unakosekana, unaua mtu mara moja. Na msomaji aliyemfikiria alikuwa mtu mwenye karakana chini ya nyumba na mahali pa kuagiza kila kitu. Mtu wa Kadutu hayumo katika kurasa zile.

Kitu kilichonisaidia zaidi kuliko vyote ni maandishi ya Mmarekani mwingine, Samuel Goldwasser, anayejulikana kwa Sam's Laser FAQ, ambayo amekuwa akiyaandika tangu miaka ya 1990. Ni maandishi marefu mno, karibu bila sura, bila muziki wowote. Usalama hauko kwenye sekunde tano za mwanzo. Unarudi na kurudi, kwa kila aina ya leza shida yake. Na kwa sisi kuna jambo la pesa: yanafunguka hata na mtandao wa mlimani, kwa mega chache. Video moja ya puto ilinigharimu mega zaidi ya vile vyote nilivyosoma mule. Ubaya wake ni kwamba ni Kiingereza, tena Kiingereza cha mafundi. Nilisoma na kamusi, polepole, na mahali pengine sikuelewa mpaka niliporudia mara ya tatu. Hakuna kitu kama hicho kwa Kiswahili, wala sikukutana na kirefu hivyo kwa Kifaransa. Kama kuna mmoja wenu wa fizikia anayetafuta kazi ya kufanya akingoja kazi, kazi iko hapo.

Mtaniuliza mtu wa agronomia alikuwa anatafuta nini kwenye leza. Nilikuwa natafuta kuua magugu. Mwaka 2021 kampuni ya Carbon Robotics ya Seattle ilionyesha mashine inayotembea shambani yenyewe, kamera zinatambua gugu, leza inalichoma kwenye moyo wake. Niliona picha zile nikakosa usingizi. Nikasema: mama yangu anapalilia maharage akiwa ameinama tangu nizaliwe, nitamtengenezea kitu. Kabla ya hapo, mwaka 2010, Nathan Myhrvold alisimama kwenye jukwaa la TED akaonyesha kifaa kinachopiga mbu kwa leza, mbu anaanguka polepole kwenye filamu iliyopunguzwa mwendo, watu wanapiga makofi. Kilijengwa kwa vipande vya vifaa vya kawaida vya elektroniki, kwa ajili ya malaria, yaani kwa ajili yetu. Miaka imepita. Mimi nalala ndani ya chandarua.

Lakini ndoto zile mbili na video ya puto ni za ukoo mmoja: zinaonyesha sekunde ya mwisho. Ile mashine ya Seattle ilianza na leza 8 za kaboni dioksidi, kila moja wati 150. Si bahati kwamba ni kaboni dioksidi: mwanga wake wa maikromita 10.6 unanyonywa na maji, na gugu changa ni maji karibu lote. Diodi yangu nyekundu ya miliwati mia na kitu ingelazimika kukaa juu ya gugu moja muda gani? Nilifanya hesabu hiyo baadaye, nikiwa na jicho moja limefunikwa na bandeji ya pamba ambayo daktari hakuniagiza. Mama angekuwa amemaliza mstari mzima.

Na leza ambayo inasaidia kweli mashamba ya watu maskini, kwa miaka mingi, hakuna anayeipigia makofi. Kule India na Pakistani wanasawazisha mashamba ya mpunga na ngano kwa leza: chombo kinasimama pembeni kinazungusha mwali dhaifu, trekta linakokota chuma chenye kipokezi, chuma kinapanda na kushuka chenyewe kufuata mwali. Shamba linakuwa bapa, maji yanaenea sawa, unatumia maji kidogo. Nguvu ya mwali ule ni ndogo, haichomi hata karatasi. Ningependa kuona kitu kile kwenye mpunga wa uwanda wa Ruzizi kuliko bazuka yoyote. Sikuona kijana hata mmoja kwenye kikundi chetu anakituma.

Siwaambii watu waache kufungua mashine. Nchi hii imesimama juu ya watu wanaofungua mashine. Bila wao hata redio ya nyumbani ingekuwa imenyamaza. Mtoto anayependa kujua afungue hiyo DVD, aone lenzi, aone injini ndogo inavyosogeza, achore. Akitaka leza, aanze na ile ya miliwati 1, ambayo inatosha kupima upana wa unywele kwa kivuli chake chenye mistari, inatosha kuonyesha mwanga unavyopinda ndani ya maji ya chupa. Hiyo ni fizikia. Kuchoma karatasi, kiberiti kinachoma vizuri zaidi.

Kwa ndugu aliyetuma video: nakuomba usiifute. Iache, ila weka na maandishi haya chini yake. Na kama tayari umenunua mashine, niulize kwa faragha ni rangi gani, na miwani uliyonayo ni ya rangi gani, kabla ya kuunga batri.

Mdogo wangu sasa yuko mwaka wa kwanza, elektroniki. Mwezi uliopita tulikwenda naye Walungu kupima mistari ya matuta kwenye shamba la shangazi. Alitaka tutafute leza ya kupimia usawa. Nikamwambia hakuna pesa. Tulipima na mrija wa plastiki wenye maji, mita kumi na mbili, yeye upande mmoja, mimi upande mwingine, tukipigiana kelele. Mahali pa kusoma alama za milimita alisoma yeye.